Nukta Uliyoiona Chini ya Be

Mtongwe, Likoni, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Riziki,

Baada ya salamu, ambazo kwa miaka kumi na tisa sikuacha kukutolea wala wewe hukupata kuisikia hata moja, nakuarifu kwamba hali zetu hapa nyumbani ni njema, jambo unalolijua mwenyewe kwa kuwa uko chumba cha pili unakunja kanga zako. Watu huandikiana wakitengwa na safari. Mimi nakuandikia tukitengwa na ukuta mmoja wa udongo, na saa hii nimeichagua kwa makusudi. Kesho tutaondoka kabla ya mapambazuko ili tuiwahi feri ya kwanza, na gizani mimi na wewe hatuna lugha. Nataka uwe umekwisha kuisoma barua hii kabla jua halijatua, ili ukiwa na neno uweze kulisema, na mimi niweze kuliona.

Yale ya kila siku mama yako amekwisha kukueleza kwa mikono yake: habari ya mafuta ya nazi, ya kutolala karibu na dirisha, ya kumsaidia binamu yako Mishi jikoni kule Kisauni bila kugeuka mtumishi wa nyumba. Sitayarudia. Mimi nimejipa kazi nyingine, nayo ni kukueleza nilivyokosea. Sehemu yake unaijua, kwa sababu ulikuwa ndani yake. Lakini ulikuwa mdogo na hukuwa na maneno, na mtoto anayekosewa kabla hajapata maneno hubaki na maumivu tu. Mpangilio wa mambo hubaki kwa yule aliyemkosea. Mpangilio ninao mimi, nami nataka uondoke nao.

Utaona nimetia irabu juu ya kila herufi, kama ilivyo desturi yangu kwako. Ninapowaandikia wengine kwa hati hii ya Kiarabu siitii hata moja. Wao hutazama mifupa ya neno, wakajaza sauti wenyewe, kwa sababu neno hilo wamelisikia mara elfu. Kwao irabu ni pambo. Kwako ndiyo nyama ya neno.

Ulipozaliwa nilikuwa nimefundisha chuo cha Kurani kwa miaka kumi na mmoja. Elimu yangu, kama ujuavyo, ni ya mahali zinapotokea herufi: hii chini ya koo, hii katikati yake, hii kwenye ncha ya ulimi inapogusa ufizi. Niliweza kufumba macho, watoto thelathini wakisoma kwa pamoja, nikamtaja yule aliyeilainisha herufi iliyotakiwa kuwa nzito. Watu walivuka kutoka mjini kuja kunitazama nikisikiliza. Sikio langu lilikuwa fahari yangu, na nyumba hii nzima iliishi chini ya sikio hilo.

Ulikuwa na miezi saba nyumba ya pili ilipofanya harusi. Ngoma zilipigwa siku tatu, dirisha letu likiwa wazi kuelekea kwao. Mama yako alikutazama umelala, akaja kunikuta barazani.

"Mwalimu, mtoto huyu sauti haimshtui."

"Ana usingizi mzito. Amemfuata babako."

"Babangu? Babangu ukikohoa nyumba ya nne anaamka kuuliza nani mgonjwa."

Nikacheka, na kwa kucheka nikaona nimejibu. Miezi miwili baadaye akarudi tena. Alisema mwanzo ulikuwa ukipayuka kama watoto wote, ba-ba-ba, ma-ma-ma, ukijifurahisha na mdomo wako. Kisha payo lile likapungua, likafifia, na sasa hulitoi. Watoto wenzako, alisema, wanaongeza. Wewe unapunguza. Nilimwambia kwamba mimi mwenyewe nilichelewa kusema, na tazama leo. Akanitazama.

"Nakutazama," akasema. "Wewe wasikia kila kitu isipokuwa mimi."

Riziki, nimelipima neno hilo kwa miaka kumi na minane na sijaliona upungufu. Mwanamke asiyejua hata jina la elimu yangu aliona kwa macho, katika mwaka wa kwanza, jambo ambalo sikio langu halikulisikia kwa miaka mitano iliyofuata. Alikuwa na dalili mbili safi: mtoto asiyeshtuka, na payo lililoanza kisha likakatika. Mimi nilikuwa na dalili moja chafu, nikaipenda zaidi kwa sababu ilikuwa yangu.

Dalili yangu ilikuwa hii. Ulikuwa na miaka miwili, umekaa uani unachezea vifuu, umempa mama yako mgongo. Yeye akaanza kutwanga mpunga. Mchi ulipotua kinuni mara ya kwanza, uligeuka. Nikasema kwa sauti, ili wote walio uani wasikie, "Mmeona? Anasikia!" Jirani mmoja akapiga makofi. Mama yako akaendelea kutwanga. Haikunijia akilini kwamba kinu kimekaa juu ya ardhi ile ile uliyoikalia wewe, na kwamba ardhi ilikupa habari kabla sauti haijanifikia mimi. Nilikuwa na shahidi mmoja, sikumhoji, nikatoa hukumu.

Na kwa kuwa nilikwisha kuhukumu kwamba unasikia, kila kimya chako kikawa ni ukaidi. Wajua desturi yetu: binti akiitwa huitika "Abee!" popote alipo, hata kama mkono umo ndani ya unga. Kwa mwalimu wa chuo desturi hiyo ni sehemu ya heshima yake mbele ya watu. Nilikaa barazani na wageni nikaita, "Riziki!" Kimya. Nikaita mara ya pili, kisha ya tatu. Binti wa jirani akaitika kwa niaba yako, wageni wakatabasamu. Siku nyingine niliita mara moja ukaja mbio, nami nikasema, "Akitaka, anasikia." Leo najua kwamba siku hizo kivuli changu kilikuwa kimefika ukutani, au pazia lilikuwa limetikisika, au ulimwona mama yako amegeuza kichwa.

Sikukupiga fimbo, na kwa hilo nilijihesabu mpole. Nilikushika ndewe ya sikio kwa vidole viwili, nikavuta, nikisema jina lako karibu yake. Nilifanya hivyo kwa miaka mitatu. Nalivuta lango lililofungwa kwa ndani, na kulilaumu kwa kutofunguka.

Ulipotimiza sita bila neno, nikakubali kwamba pana ugonjwa, lakini nikauweka kwenye ulimi. Nikaamua kukuandikia kombe. Nilitengeneza wino wa zafarani, nikachukua sahani nyeupe ya mama yako, ile yenye ufa mdogo ukingoni, nikaandika aya juu yake kwa kalamu ya mwanzi. Kisha niliiosha kwa marashi ya waridi, nawe ukanywa. Niliazimia Ijumaa saba, aya ile ile, kwa mwandiko ule ule. Kila Ijumaa ulikaa mbele yangu ukautazama mkono wangu ukitembea. Nilidhani unatazama rangi.

Ijumaa ya tano nilikuwa na haraka. Palikuwa na maiti wa kuzikwa baada ya swala, nami ndiye niliyetakiwa. Niliandika, nikaosha nusu ya maneno, nikakuwekea sahani mdomoni. Ukafunga mdomo. Nikaisukuma. Ukageuza uso. Nikasema lile neno langu la siku zote, mkaidi, na mkono wangu wa kulia ukaenda kwenye sikio lako. Vidole vilikwisha kushika, Riziki. Nakumbuka joto la ndewe yako. Wewe hukunitazama mimi. Ulinyoosha kidole ukakiweka juu ya sahani, kwenye nusu ambayo maji hayajaifikia, chini ya herufi moja, ukakibonyeza hapo, ukakiinua, ukakibonyeza tena.

Nikatazama. Ilikuwa herufi be, na chini yake hapakuwa na nukta. Nilikuwa nimeisahau.

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilivyojiona saa ile na kila mara nimelifuta neno. Acha niseme yaliyotokea tu. Vidole vyangu viliachia. Nilichovya kalamu, nikatia nukta mahali pake. Ukaitazama, ukainama, ukanywa. Mtoto wa miaka sita, ambaye hakuna aliyemfunza hata alifu, alikuwa ameihifadhi aya nzima kwa umbo lake katika Ijumaa nne, na akamsahihisha mwalimu. Watoto wangu wakubwa chuoni, wenye masikio mazima, walipitwa na makosa makubwa zaidi. Mimi mwenyewe kosa hili lilinipita.

Mama yako alikuwa mlangoni. "Haya," akasema kwa utulivu, "basi na mimi nisikilizwe leo. Huyu si mgonjwa wa ulimi. Hasikii."

Nilikwenda maziarani nikaomba dua na maneno yakatoka sawasawa, maana ulimi uliozoea hauhitaji mwenyewe. Niliporudi nilikukuta uani umenipa mgongo. Nilivua viatu, nikaja polepole, nikasema jina lako nyuma ya kisogo chako kwa sauti yangu yote, ile ambayo watu walivuka maji kuisikia. Uliendelea kupanga vifuu vyako.

Ungetarajia kwamba tangu siku hiyo nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa mtu yule yule aliyejua jambo moja zaidi. Nikaona kwamba maadamu elimu yangu ni ya mahali zinapotokea herufi, basi nitakutoa herufi kwa nguvu. Nikauweka mkono wako kooni kwangu, kisha kooni kwako, siku baada ya siku, nikitafuta neno moja tu: abee. Na nikampiga marufuku mama yako kusema nawe kwa mikono. "Ukimzoesha ishara," nilimwambia, "utammaliza kabisa, atakuwa bubu." Miaka miwili tena ikaenda hivyo. Siku moja ulitoa sauti iliyokaribia abee, nikafurahi, nikakuita mbele ya wageni uirudie. Uliwatazama nyuso zao walipokuwa wakiisikia. Hukuitoa tena, nami leo sikulaumu.

Wakati huo huo jikoni, bila ya ruhusa yangu, wewe na mama yako mlikuwa mmejenga nyumba nzima ya maneno. Nililigundua hilo kwa kuchungulia. Nilisimama nyuma ya pazia nikaona mikono minne ikienda kwa kasi, ukimweleza habari ya kuku wa jirani aliyeingia msikitini, na mama yako akicheka mpaka akashika meza. Ulikuwa unasimulia kisa, mwanzo na mwisho wake, na jirani mwenyewe alikuwemo ndani na mwendo wake wa kuchechemea. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikitafuta neno moja kinywani mwako, na maneno mia tano yalikuwa jikoni kwangu.

Katika kisa kile nilijiona na mimi. Uliposema habari yangu ulishika ndewe ya sikio lako kwa gumba na kidole cha shahada. Nilifurahi, nikadhani umeniita msomaji, kwa kuwa msomaji asomapo huweka mkono sikioni. Jioni nilimuuliza mama yako, nikijaribu kuuficha ufahari.

"Siyo hiyo, Mwalimu," akasema. "Msomaji huweka kiganja. Yeye hushika ndewe, kwa vidole viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukuita."

"Nawe hukumkataza?"

"Nimkataze vipi? Jina amelitunga yeye, na sikio ni lake."

Hilo ndilo jina langu, na sasa linatumiwa na Mtongwe nzima. Watoto wa chuo wakitaka kuambiana kwamba mwalimu anakuja hushika ndewe zao, na hawajui asili yake. Sikupata kukuomba ulibadilishe. Jina ni maelezo ya kweli, na mimi nimefundisha maisha yangu yote kwamba maandishi hayafutwi kwa kuwa yanamuumiza msomaji.

Kesho yake nilileta ubao na wino, nikakaa jikoni, mahali ambapo sikuzoea kukaa, na nikamwomba mama yako anifunze ishara. Alinifunza kwa ukali niliostahili. "Mkono wako mzito," aliniambia, "kama mtu aliyebeba gunia." Kwa kila ishara yake mimi niliandika neno ubaoni, na wewe ulitazama mkono wake kisha mkono wangu, na baada ya miezi mitatu ulikuwa unasoma. Ulisoma kwa namna ambayo sijaiona kabla wala baada. Kila neno ulilipokea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Nilikuwa mwalimu tangu ujana wangu, na wala sikuwa nimepata kuona neno likiingia kwa mtu kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wangu wote walikuja kwangu wakiwa na maneno tayari. Wewe ulinionyesha linavyoingia.

Sasa nije Kisauni.

Miezi miwili iliyopita Nasoro, seremala, mume wa Mishi binti wa marehemu kaka yangu, alikaa barazani petu na kikombe cha kahawa. Wewe ulikuwa ndani, kwa hiyo maneno yenyewe hukuyaona.

"Ami, nimekuja unisaidie. Zuhura wangu ana kiburi."

"Ana umri gani?"

"Ametimiza miaka mitatu mwezi wa mfungo tatu."

"Na kiburi amekipata wapi kwa miaka mitatu?"

"Labda kwa mamake." Akacheka peke yake. "Nikimwita hanijibu, Ami. Lakini niingie na kipande cha halua, huyo, mbio! Wallahi mtoto huyu husikia halua, hasikii jina lake. Nataka umwandikie kombe la adabu."

"Umepata kufikiri kwamba hasikii?"

"Hasikii vipi? Malori ya askari yakipita barabarani huamka akalia. Asiyesikia ataamshwaje na lori?"

Nilikiweka kikombe chini. Mchi wa mama yako ulitua tena kinuni, baada ya miaka kumi na saba, na safari hii niliusikia.

Tulikwenda Alhamisi, mimi nawe. Kombe sikuliandika. Nilitaka kumpima mtoto mwenyewe, kwa mtindo wangu, nikapiga makofi ubavuni mwake, akageuka, nami nikababaika. Ukanishika mkono. Ukaniondoa. Nakumbuka kila ulichoniamrisha, na ninakiandika hapa ili ukione kilivyokamilika. Nivue viatu. Nisimame nyuma ya mtoto, juu ya jamvi, nisiguse sakafu tupu. Jua liwe usoni mwangu, ili kivuli changu kiende nyuma yangu na kisimfikie. Pumzi yangu isiguse shingo yake. Kisha nigonge kijiko kwenye kikombe cha bati, juu, hewani, ambapo hakuna mti wala ukuta wa kuipeleka habari. Ukamweka Mishi ubavuni mwa mtoto, wote wawili wakitazama mbele, na wewe ukakaa mbele yao.

Nikagonga. Nikagonga mara ya pili, na ya tatu.

Wewe hukuweza kukisikia kijiko, na ni hapo nilipofahamu unachokitazama. Kila nilipogonga, kope za Mishi zilicheza. Za Zuhura zilitulia. Uliisoma sauti katika uso wa mmoja na ukosefu wake katika uso wa mwingine, wewe ambaye hujapata kuijua sauti ni kitu gani. Masikio yangu yangeweza kudanganywa, kwa sababu yangependa kudanganywa. Macho yako hayakuwa na upande.

Kisha ulimgeuza mtoto akuelekee, uso wako mwangani. Ukamega halua, ukagusa mdomo wako kwa vidole viwili na kuvizungusha, ukampa. Ukarudia. Mara ya tatu ulishika halua usimpe, ukangoja. Ulingoja muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili mimi. Na mkono ule mdogo ukapanda, ukagusa mdomo, ukazunguka.

"Ameomba!" Mishi akapiga ukelele. "Ami, ameomba! Miaka mitatu hajaniomba kitu ila kwa kulia!"

Nasoro akaingia kutoka kwenye karakana yake kuja kuona kelele za nini. Uliliona lililotokea, na najua uliliona kwa sababu uso wako ulibadilika. Zuhura alipomwona baba yake mlangoni aliinua viganja vyote viwili akaziba masikio. Mtoto asiyesikia, akayaziba masikio yake. Ndewe moja ilikuwa nyekundu.

"Kwa hivyo mwanangu ndiyo bubu?" Nasoro alisema tulipomweleza. "Na mikono hiyo si ndiyo itammaliza kabisa?"

Yalikuwa maneno yangu, hata mpangilio wake. Si mtu mbaya Nasoro. Ana haya mbele ya majirani, na haya ya baba ni kitu kizito kinachomwangukia mtoto. Nilimwambia yangu yote palepale, barazani kwake, pamoja na jina langu na asili yake. Aliitazama mikono yake. Hakusema kwamba amekubali. Alisema, "Basi na akae nasi Riziki, tuone."

Nami nikakataa. Nikakataa tena Mishi alipotuma ujumbe. Nilitoa sababu tatu na zote zilikuwa zimepangwa vizuri: binti hakai nyumba ya watu, Kisauni ni mbali na macho yangu, watu wa kule watakucheka. Siku ile niliyokataa mara ya pili uliniletea ubao. Ulikuwa umeandika mistari miwili, kwa irabu zote:

*Wewe ulichelewa miaka mitano.
Mimi nisichelewe.*

Kwa mazoea nilitafuta kosa. Hapakuwa na kosa, hata nukta.

Kwa hiyo unakwenda. Nina machache ya kukupa, nawe unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa kuwa nimeyalipia. Utaletewa watoto wengine, maana habari ya mkono wa Zuhura imekwisha kuenea. Usiwahukumu kwa haraka, hata wewe. Yuko anayesikia na akachelewa kusema. Yuko binti yule wa chuoni kwangu aliyeubandika ubao puani, nikamwita mzembe, kumbe macho yake hayafiki mbali. Nilimsogeza karibu na mlango akasoma. Tangu nukta ile nimejifunza kwamba mtoto akishindwa na jambo ambalo wenzake wanaliweza, neno la kwanza lisiwe jina la tabia. Liwe swali, na swali liulizwe mapema, mtoto angali mchanga, na liulizwe zaidi ya mara moja. Na mama akisema ameona kitu, mkalishe kitako, aseme mpaka amalize. Wape watu wote wa nyumba ile ishara, si Mishi peke yake. Nyumba ambayo mtoto anaelewana na mtu mmoja tu ni chumba kidogo sana.

Nasoro atachoka kabla ya Mishi. Usimwache. Mwombe akutengenezee ubao; kwa kazi ya mikono atasikia zaidi kuliko kwa maneno.

Na hili ndilo ninalotaka kumalizia nalo. Mtoto yule bado hajampa baba yake jina. Kuziba masikio ni woga tu, hakujawa neno; lakini nimeona jinsi neno linavyozaliwa, na najua langu lilitoka wapi. Zuhura ana miaka mitatu. Wiki hizi, miezi hii, ataanza kuita watu kwa mikono, kwa sababu wewe utamwonyesha kwamba watu huitwa. Fika mapema, Riziki. Fika Nasoro akiwa bado na randa mkononi na mbao mbele yake, ili mtoto atakapotafuta namna ya kumsema aone mtu anayelainisha mbao, na achukue hiyo.

Jua limeshuka mpaka kwenye kizingiti, na wino bado mbichi. Nikishakuletea karatasi hii nitarudi hapa nikae. Ukimaliza kuisoma, sitakuita. Nitakanyaga sakafu mara mbili kwa kisigino, kama tunavyofanya, nawe utageuka na kuweka mkono kifuani. Kwa miaka kumi na mmoja umekuwa ukiniitika hivyo, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukiri kwa maandishi kwamba nimeisikia.

Baba yako,
mwenye jina ulilompa